Kidole Kidogo cha Zimwi

Mwangangi hakuwa na meza ya kuchorea. Alichorea juu ya kibao cha cherehani ambayo mkewe aliiacha. Hakuwa na stima nyumbani, kwa hivyo kazi yake ilianza jua likichomoza na kukoma likitua. Hakuwa na wino wa rangi, ila mweusi peke yake. Hakuwa na ndugu wa tumbo moja, wala mzazi aliye hai, wala mtu wa kumwambia kwamba chakula kinapoa. Hakuwa na picha ya binti yake, kwa maana picha chache zilizokuwepo zilikuwa ndani ya simu, na simu ikaharibika. Na hakuwa na kaburi. Hilo la mwisho ndilo lililomtesa zaidi, kwa sababu mtu aliyefiwa huwa na mahali pa kwenda kung'oa magugu, na yeye hakuwa na mahali.

Binti huyo aliitwa Kanini. Alikuwa na miaka tisa siku aliyoshuka mtoni kuteka maji. Kwetu Mutomo mto huwa mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Watu huchimba kisima hapo mchangani na kuchota maji kwa kata. Siku ile mvua haikunyesha kwetu. Ilinyesha mbali, upande wa juu, na maji yakaja chini ya anga safi, mtoto akiwa ameinama kisimani. Wanaume walifuata mto kwa siku nyingi, hadi unapoingia mto Athi. Walipata mtungi wake wa plastiki umekwama kwenye mizizi. Yeye hawakumpata.

Nduku, mama yake, alitaka ibada ya mazishi ifanywe hata bila mwili. Mchungaji alikuwa tayari. Mwangangi alikataa, akasema hawezi kumzika mtu ambaye hajamwona amekufa. Nduku alingoja mwaka mmoja. Kisha akafunga nguo zake na kurudi kwa mama yake Kathonzweni, Makueni, ng'ambo ya Athi. Hawakutukanana. Cherehani haikuweza kupandishwa kwenye pikipiki, ndiyo maana ikabaki.

Mwangangi alikuwa mchoraji wa kuta. Ng'ombe aliye kwenye ukuta wa duka la dawa za mifugo ni wake, na ramani ya Kenya iliyo kwenye ukuta wa shule ni yake. Nduku alipoondoka, aliacha kuta akaanza kuchora vitabu vya katuni vya kutisha watoto. Watu wazima tulimcheka kidogo, tukasema huzuni imemrudisha utotoni. Watoto hawakucheka.

Alichukua hadithi ambayo kila Mkamba wa rika letu aliisikia jioni kando ya moto, hadithi ya eimu, yaani zimwi linalomeza watu na mifugo. Tunajua jinsi inavyokwisha. Zimwi hushindwa, na kabla ya kukata roho husema, nikateni kidole kidogo. Kidole kikikatwa, wote waliomezwa hutoka humo wakiwa wazima. Ng'ombe hutoka wakilia, wazee hutoka wakiuliza ni nani aliyewaamsha. Bibi zetu walikuwa na sharti moja. Hata msimulizi akishikwa na usingizi katikati ya hadithi, hawezi kulala kabla ya kukata kidole. Watu hawaachwi tumboni usiku kucha.

Zimwi la Mwangangi halikuwa na pembe wala mkia. Lilifanana na jabali lililolala mchangani, na watoto wa kitabuni walikuwa wakikaa juu yake na kupumzika kabla hawajagundua kwamba lina joto. Hicho ndicho kilichowatisha wasomaji. Idris, mwenye duka la vitabu na mashine za kuchapa mjini Kitui, alivichapa kwa karatasi ya kawaida na kuvibana kwa pini, vikaenea Zombe, Mwingi, na hata kuvuka Athi. Watoto walivisoma mchana, wakiwa kundi, bega kwa bega. Kulikuwa na ukurasa ambao mdomo wa zimwi ulijaza karatasi mbili nzima, na mmoja wao alipewa kazi ya kuufunika kwa viganja mpaka wenzake wawe tayari. Ukiokota kitabu chochote cha Mwangangi, ukurasa huo ndio mchafu kuliko mingine.

Shujaa wa vitabu hivyo alikuwa msichana mwenye kovu dogo juu ya nyusi na kifungo kimoja kilichopotea kwenye gauni. Jina lake Kanini. Waliomjua marehemu waliitambua sura hiyo mara moja. Katika kitabu cha kwanza, cha pili na cha tatu alilikwepa zimwi kwa akili. Katika cha nne alimezwa.

Cha tano hakikuja. Idris alikiulizia, walimu walikiulizia, watoto walimsimamisha njiani wakakiulizia. Mwangangi alisema anakichora. Kwa kweli kila asubuhi alichora uso wa Kanini ndani ya giza la tumbo, akiwa ameketi, akiwa amelala, akiwa anahesabu vidole vyake, kisha akaziweka karatasi hizo ndani ya sanduku. Maadamu kitabu hakijaisha, mtoto alikuwa mahali fulani, na baba yake alijua ni wapi.

Basi mwezi wa saba mwaka huu, mchana, pikipiki ilisimama uani kwake. Aliyeshuka alikuwa Kivuva, ndugu mdogo wa Nduku, amejaa vumbi hadi kope.

"Shemeji, umekonda," Kivuva alisema.

"Na wewe umenenepa. Mmoja wetu anakula cha mwenzake."

Walicheka pamoja kwa mara ya kwanza tangu Nduku aondoke. Mwangangi alichemsha chai ya rangi, akaomba radhi kwamba hana maziwa. Waliongea habari za mbaazi zilizokauka na mbuzi waliopona. Kisha Kivuva akaweka kikombe chini, akasema mkewe amejifungua msichana, na mtoto hana jina hadi leo.

Yeye na mkewe walitaka aitwe Kanini. Kwetu jina la aliyetangulia hupewa mtoto anayekuja, lisipotee nyumbani. Aliyekataa ni mama yao Kivuva na Nduku, Mama Syokau, ambaye neno lake katika boma lile huwa halirudiwi. Mwangangi aliuliza sababu. Kivuva alikiinua tena kikombe, akakigeuza mkononi, kisha akamweleza mchezo wanaoucheza watoto wa Kathonzweni siku hizi.

Mmoja huuliza, "Kanini yuko wapi?" Wengine hujibu, "Tumboni." "Anakula nini?" "Giza." "Atatoka lini?" Hapo wote hunyamaza, hutazamana, halafu hukimbia wakipiga kelele, kwa sababu hakuna anayejua jibu.

"Wanauchezea nyuma ya kibanda cha dada," Kivuva alisema. "Anashona sare za shule pale sokoni. Wakianza, yeye hainuki kuwafukuza. Huondoa mguu kwenye cherehani akangoja wamalize."

Mwangangi alimwongezea chai.

"Nilimwambia Mama, wewe ni mtu wa kanisa, utaogopaje zimwi la karatasi? Akasema, siogopi zimwi, naogopa watoto. Akasema huyu wetu akipewa jina hilo atafika shuleni na kuulizwa anakula nini huko tumboni. Jina haliwezi kupewa mtoto mchanga huku mwenyewe mmemwacha ndani. Hayo ni maneno yake. Amenituma nikuulize kidole utakikata lini."

Mwangangi alitazama upande wa mtoni.

"Hakuna kidole, Kivuva. Mto hauna kidole."

"Mto hauna. Lakini hicho ulichochora si mto."

Kivuva hakulisema kwa ukali. Aliendelea kueleza kwamba Jumapili ya wiki inayofuata mtoto atapelekwa mbele ya kanisa kuombewa, na mchungaji atauliza jina. Likikosekana hilo, atapewa la shangazi ya mkewe, na daktari amesema mkewe asizae tena. Kwa hivyo jina la Kanini litakuwa limepita. Alipendekeza njia rahisi, kwamba Mwangangi abadilishe uso na jina katika vitabu, ampe msichana sura ya mtu mwingine.

"Nikiutoa uso wake humo," Mwangangi alisema, "mimi nitabaki na nani?"

Kivuva alikuwa na watoto watatu nyumbani. Aliosha kikombe chake mwenyewe, akawasha pikipiki, akaondoka jua likiwa bado kali.

Siku iliyofuata Mwangangi hakuchora. Wala siku ya pili. Siku ya tatu ilikuwa ya soko, akaenda Mutomo kununua chumvi na sabuni. Nyuma ya mabanda ya mitumba, mahali pasipo na kivuli, alikuta watoto wakicheza mchezo uleule. Ulikuwa umeshavuka Athi, au labda ulianzia kwetu ukaenda huko. Mchezo wa watoto haujulikani ulikozaliwa. Hawa wa Mutomo walikuwa wameuongezea. Walipanga mawe kwa mviringo, na ndani ya mviringo wakamketisha msichana mdogo aliyefunikwa kichwa kwa leso. Huyo ndiye Kanini. Walimzunguka na kuuliza maswali yao, na walipofika lile la mwisho walinyamaza, wakaanza upya.

Mwangangi alisimama akitazama. Msichana alikuwa anatoka jasho. Wenzake walipochoka kuzunguka walikwenda kukaa kwenye kivuli cha banda, naye akabaki palepale juani, ndani ya mawe.

Mwangangi alimkaribia, akamwuliza mbona hatoki.

"Siwezi. Bado hujachora," msichana alisema.

Wenzake walipaza sauti kutoka kivulini wakamweleza mzee sheria, kwamba aliyemezwa hatoki kwa kuwa kitabu hakijasema anatokaje. Mvulana mmoja alisema jana walimsahau mwingine humo mpaka adhuhuri. Walilisema kama jambo la kawaida, bila kumlaumu, wakimtazama kama mtu anavyomtazama fundi aliyechelewesha kazi.

Kabla hajawajibu, mwanamke aliita kutoka kwenye duka la vitambaa ng'ambo ya barabara. "Mwanamisi! Mwanamisi, njoo!"

Msichana akainuka. Alivuta leso kichwani, akapangusa vumbi kwenye gauni, akaruka mawe na kukimbia kwa mama yake. Hakuna aliyempinga. Mwangangi aliwauliza wale wengine mbona wamemwacha atoke na kitabu hakijaisha. Walimshangaa. Mama yake amemwita, walisema. Mtu akiitwa na mama yake anatoka.

Alirudi nyumbani akiwa amesahau chumvi.

Asubuhi alifunua kibao cha cherehani na kuanza kitabu cha tano. Alichora watu wa kijiji wakilifunga zimwi kwa kamba za mkonge, na zimwi likisema maneno yale yanayojulikana. Alipofika mahali pa kukata kidole alikwama, kwa sababu mkono wa kukata lazima uwe wa mtu fulani. Alichora mkono wa kijana hodari akaufuta. Akachora mkono wa mzee akaufuta. Mwisho alinyosha mkono wake wa kushoto juu ya kibao, akautazama, akauchora ulivyo, na wino uliokauka kwenye kucha ya kidole gumba, ukiwa umeshika kisu. Mchoro huo haukumchukua muda mrefu.

Kidole kilipokatwa walitoka ng'ombe, wakatoka mbuzi, wakatoka wazee na fimbo zao, na mwanamke aliyekuwa bado ameshika mwiko. Kurasa hizo aliziharakisha. Kanini peke yake hakutoka. Alikuwa ameketi ndani, mlango ukiwa wazi mbele yake, kama msichana yule ndani ya mawe. Kisha, ng'ambo ya mto mkavu, Mwangangi akamchora Nduku. Hakuwahi kumchora katika kitabu chochote. Alimchora amesimama juu ya ukingo wa upande wa Makueni, viganja vyote viwili kinywani, akiita.

Ukurasa uliofuata ulikuwa wa Kanini akisikia. Ulikuwa uso tu, umejaza karatasi nzima, kovu juu ya nyusi, mdomo wazi kidogo kama mtu anayetaka kuuliza ni nani. Mwangangi alijua kwamba hatauchora tena. Aliufanyia kazi kutwa nzima, naye si mtu wa kutumia kutwa nzima kwa uso mmoja. Jua lilipoinama alisogeza cherehani mlangoni afuate mwanga, na mwanga ulipokwisha aliketi mbele ya karatasi mpaka hakuweza kuona kama ni uso au ni wino uliomwagika.

Katika ukurasa wa mwisho Kanini anavuka mchanga. Anaonekana kwa nyuma, mikono imenyoshwa mbele, nyayo zake zimejipanga kutoka kwenye zimwi hadi alipo. Anamkimbilia mama yake, kwa hivyo uso wake ni wa mama yake kuuona. Sisi tunaona mgongo. Aliyekata kidole hayupo kwenye picha.

Ijumaa alifika Kitui mjini kabla duka la Idris halijafunguliwa. Idris alikuwa mtu wa maneno mengi, mzaliwa wa Kitui aliyelelewa na bibi wa Lamu, na alipenda biashara yake. Aliosha mikono kabla ya kushika karatasi, akazifungua moja moja akicheka kwa furaha.

"Haya, hatimaye! Sasa cha sita zimwi linafufuka, sivyo ndugu yangu? Kidole kinaota upya."

"Halifufuki."

"Watoto watanila mzima."

"Waambie limekufa. Waonyeshe."

Idris alifungua ukurasa wa uso, akaacha kucheka. Alifungua wa mgongo. Alivua miwani akaifuta kwa shati, ingawa haikuwa na kitu. Alikuwa amesikia habari za mto, kama kila mtu. Aliwasha mashine akatoa nakala mwenyewe, bila kumwachia kijana wake wa kazi, na akaahidi kwamba kabla ya Jumapili mzigo wa kwanza utakuwa Kathonzweni, ugawiwe bure shuleni na kanisani. Kisha akapanga karatasi za asili vizuri, akazirudisha kwa mwenyewe azihifadhi.

Mwangangi alisema hazihifadhi. Aliomba bahasha kubwa.

Alikuwa na jambo la kumwambia Mama Syokau, na kwetu mkwe wa kiume hakai mbele ya mama mkwe wake na kuzungumza naye uso kwa uso. Ni heshima ya zamani, na yeye aliishika hata baada ya Nduku kuondoka. Kwa hivyo aliegemea kaunta ya Idris akaandika:

"Mama,

Nakusalimu wewe na watu wote wa nyumbani. Kivuva alifikisha maneno yako na niliyasikia. Kidole nimekikata. Wote wametoka, na yeye ametoka. Watoto wataona wenyewe kabla ya Jumapili.

Mpeni mtoto jina.

Karatasi hizi ni zile nilizochora kwa mkono wangu. Ya uso naomba apewe Nduku, maana kwake pia hakuna picha. Sikubaki na nyingine iliyo sawa na hiyo, na sitachora tena. Mwambieni alikuwa na haki kuhusu ibada. Akitaka ifanywe, mniite, nitasimama mahali mtakaponionyesha.

Ni mimi mkweo,
Mwangangi."

Aliisoma mara moja. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka kwa kukaa dukani, haikushika. Idris alimsogezea chupa ya gundi bila kumtazama. Mwangangi aliweka kadibodi mbili, moja mbele na moja nyuma ya michoro, akaingiza barua, akapaka gundi ukingoni na kuukandamiza kwa kiganja mpaka ukashikana.

Katika ofisi ya vifurushi vya basi liendalo mji wa Wote, Makueni, karani aliandika jina la mpokeaji na namba ya Kivuva. Alijaribu kuitia bahasha kwenye gunia la barua, ikawa kubwa. Akaishika pande mbili aikunje.

"Isikunjwe, tafadhali," Mwangangi alisema.

Karani alimtazama, akaliacha gunia. Alitoka nje na bahasha mkononi, akapanda basi, akailaza juu ya kiti kilicho nyuma ya dereva. Mwangangi alisimama uwanjani mpaka basi likawashwa, likarudi nyuma, likageuka, likashika njia.